Kuunganisha Paystack na duka lako kwa JavaScript bila kupoteza pesa

Kama unauza vitu onlaini hapa Kenya na unataka mteja alipe kwa kadi ama M-Pesa bila kutoka kwa saiti yako, Paystack, kampuni ya kupokea malipo ya onlaini, wako na kimaktaba cha JavaScript kinaitwa InlineJS na si kigumu, lakini kuna mahali pamoja watu wengi wanakosea na hapo ndo pesa hupotelea, kwa hivo wacha nikupeleke pole pole.

Fungua akaunti, ingia dashibodi, chukua funguo mbili. Inayoanza na pk_test_ ni ya brauza, kila mtu anaweza kuiona na haina shida. Ile ya sk_test_ ni ya siri, ikae kwa seva peke yake, kwa faili ya .env (faili ya kuweka siri za programu), na usiwahi kuipandisha GitHub, mahali watu huhifadhi koodi, hata kama repo yako ni praiveti.

Alafu malipo yaanzie kwa seva, si kwa brauza. Seva yako inatuma POST (ombi la kupeleka data) kwa https://api.paystack.co/transaction/initialize ikiwa na imeili ya mteja na amount, na hiyo amount ni senti, so shilingi 1,500 unaandika 150000. Currency weka KES. Utarudishiwa access_code, ambayo unaipeleka kwa brauza ifungue dirisha la malipo, na reference, ambayo ni namba ya kutambua hayo malipo. Hiyo reference iandike kwa databezi saa hiyo hiyo, kando ya oda na bei yake.

Kwa brauza kazi ni ndogo:

npm install @paystack/inline-js

import PaystackPop from '@paystack/inline-js'
const popup = new PaystackPop()
popup.resumeTransaction(access_code)

Dirisha linafunguka, mteja anachagua kadi ama M-Pesa, akichagua M-Pesa anaweka namba, simu inaitisha PIN, basi.

Kuna njia nyingine inaitwa newTransaction ambayo unaweka bei moja kwa moja kwa brauza. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi na sababu ninayo. Duka la kwanza nilijenga lilikuwa la viatu na nilitumia hiyo, mtu akafungua konsoli (sehemu ya brauza ya kuandika koodi) akabadilisha bei akalipa shilingi 10 kwa kiatu cha 3,500, na koodi yangu ilikuwa inauliza tu "amelipa?" haiulizi "amelipa ngapi?". Mwenye duka alishatuma mzigo kabla tujue. Iliniuma sana juu alikuwa ameniamini.

Kwa hivo dirisha likisema malipo yamepita, usiamini bado. Seva yako iulize Paystack yenyewe, GET (ombi la kusoma data) kwa https://api.paystack.co/transaction/verify/ ukimalizia na ile reference, na uangalie vitu vitatu: data.status iwe "success", data.amount ilingane na bei iko kwa databezi yako, na data.currency iwe KES. Chunga hapa, ile status ya nje kabisa ya jibu, si ile ya ndani ya data, ikiwa true inamaanisha ombi lako limejibiwa tu, haimaanishi mtu amelipa! Ya maana ni ile iko ndani ya data.

Na webhuku, yaani ujumbe Paystack wenyewe wanatuma kwa seva yako malipo yakipita, usiiruke, juu mteja anaweza kulipa alafu bando ikaisha kabla ukurasa urudi. Paystack watakutumia tukio la charge.success, na kwa heda (maelezo yanayotangulia ujumbe) kuna x-paystack-signature ambayo ni HMAC SHA512, aina ya sahihi ya siri, ya bodi (ujumbe wenyewe) ukitumia ufunguo wa siri, ihesabu mwenyewe, isipolingana itupe. Ikilingana jibu 200 haraka alafu ufanye kazi zingine baadaye, na kabla ya kutuma mzigo angalia kama hiyo reference ulishaishughulikia juu tukio moja linaweza kuja mara mbili. Webhuku haifiki localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, mimi hutumia ngrok, programu ya kuifungulia njia ya nje, nikijaribu.

Kadi ya majaribio ni 4084 0840 8408 4081, CVV 408, tarehe yoyote ya mbele. Jaribu pia kubadilisha bei mwenyewe uone kama seva yako inakataa, na ikikubali usiweke funguo za laivu, zile za pesa halisi, bado.