Kupata ibada ukiwa ng'ambo: mwongozo kwa msafiri anayetoka Dar

Msafiri anayetoka Dar es Salaam mara chache hukosa jengo la kanisa ng'ambo. Anachokosa ni siku, saa au lugha. Ramani ya simu itamfikisha hadi mlangoni, lakini haitamwambia kwamba ibada ya Kiingereza ilikuwa jana jioni, au kwamba lile jengo lenye mnara siku hizi ni makumbusho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na ukiifanya kwa mpangilio haimalizi saa moja.

Anzia kanisani kwako

Wengi huanza na simu. Ni vizuri zaidi kuanzia ofisi ya usharika au parokia, kwa sababu makanisa yetu yana ndugu nje na ofisi inajua ni akina nani. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) limo katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu 1964, na Dayosisi yake ya Mashariki na Pwani ni mwanachama wa United Evangelical Mission, ushirika wa makanisa wa kimataifa wenye makao Wuppertal, Ujerumani. Sharika kadhaa za jijini zina usharika rafiki Ulaya, na mtu akitangulizwa kwa ujumbe mmoja tu kutoka kwa mchungaji wake, mara nyingi hukuta mwenyeji anamsubiri mlangoni. Mwanglikana anayekwenda Ulaya bara ajue kwamba Kanisa la Uingereza lina dayosisi nzima huko, yenye ibada za Kiingereza katika miji mingi mikubwa. Mkatoliki ana tovuti ya masstimes.org, inayoorodhesha parokia na saa za misa duniani kote. Itumie kupata jina la parokia, halafu saa uzihakikishe kwingine. Msabato atatafuta orodha ya makanisa kwenye tovuti rasmi ya Waadventista ya nchi anayokwenda, na aangalie pia saa ya jua kuzama: Ulaya ya kaskazini mwezi Desemba Sabato inaingia saa 9 au saa 10 alasiri, na mwezi Juni jua huzama saa 3 au saa 4 usiku.

Kama unakaa wiki moja au mbili, barua ya utambulisho si lazima. Ukikaa miezi mitatu au zaidi, ichukue, pamoja na nakala za cheti cha ubatizo na cha kipaimara. Bila hizo, siku ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huko utaanza kusumbua watu nyumbani wakapekue daftari za mwaka 1990 na kitu.

Anayehamia Ujerumani kwa kazi ana jambo jingine la kujua mapema. Kwenye fomu ya kujiandikisha makazi kuna sehemu ya dini. Ukijaza Mkatoliki au Mwinjilisti (neno lao kwa Waprotestanti wa makanisa ya kihistoria, Walutheri wakiwemo), mshahara wako utakatwa kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi ya mapato huko Bavaria na Baden-Württemberg, asilimia 9 katika majimbo mengine. Ni asilimia ya kodi, si ya mshahara, na mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato hakatwi. Kujaza ni uamuzi wako. Ubaya ni kuijua kodi hiyo siku ya hati ya kwanza ya mshahara.

Siku na saa: hapa ndipo watu wengi huanguka

Oman, Qatar na Kuwait wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo ibada kubwa, yenye kwaya na watoto, huwa Ijumaa, na ya Jumapili ikiwepo huwa mara nyingi ni jioni baada ya watu kutoka kazini. Falme za Kiarabu zilihamia wikendi ya Jumamosi na Jumapili Januari 2022, lakini makanisa mengi hayakuiacha Ijumaa. Usikisie. Saudi Arabia hakuna kanisa la hadhara kabisa, na ibada ya wazi ya dini isiyo Uislamu hairuhusiwi. Anayekwenda huko apange kusali peke yake, chumbani kwake.

Mkatoliki mwenye ndege ya Jumapili asubuhi asihangaike. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika kwa kanuni ya 1248 ya sheria za Kanisa, na kanuni hiyo hiyo inakubali misa ya riti (taratibu ya ibada) yoyote ya Kikatoliki. Ukikuta Wakatoliki wa riti za mashariki, kama Wasiro-Malabari India au Wamaroni Lebanoni, mpangilio utakushangaza kidogo lakini wajibu umetimia.

Halafu kuna saa yenyewe. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Bango likiandika 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi. 18:30 ni saa 12 na nusu jioni. Hakuna asiyelijua hili akiwa ametulia, lakini mtu aliyetoka kwenye ndege ya usiku huona 10:00 akajibu ujumbe wa mwenyeji wake kwa "saa kumi", na mwenyeji, ambaye ni Mtanzania mwenzake, akamsubiri alasiri. Mkiandikiana, andikeni tarakimu za saa 24 pekee. (Waethiopia wanahesabu kama sisi, kwa hiyo ukilala Addis Ababa kuunganisha ndege, ukitajiwa saa uliza kama ni ya mtaani au ya uwanja wa ndege.)

Kosa jingine huja mara mbili kwa mwaka. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Simu itajirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haitajirekebisha, na ya ukutani hotelini huenda nayo ikachelewa. Jumapili ya Machi ukifuata saa isiyorekebishwa utaingia kanisani watu wakitoka, maana ibada nyingi za Ulaya ni za saa moja tu, na hakuna mnada wa matoleo nje wa kukuongezea muda.

Namna ya kuhakikisha

Usiamini saa zinazoonyeshwa kwenye ramani. Nyingi zimeandikwa na wapita njia, na mara nyingine ni saa za kufunguliwa ofisi. Fungua ukurasa wa kanisa lenyewe na utafute tangazo la wiki hii, si ratiba ya jumla. Kama chapisho la mwisho ni la mwaka juzi, piga simu au tuma ujumbe. Ulaya, Julai na Agosti, makanisa mengi huunganisha ibada au kufuta ya jioni kwa sababu ya likizo. Uliza mambo manne: ibada ni ya lugha gani, inaanza saa ngapi Jumapili hii, inafanyika ukumbi gani, na kama mgeni anahitaji kitambulisho mlangoni. La tatu lina maana kuliko linavyoonekana, kama utakavyoona Dubai.

Ukishapata majibu, hifadhi picha ya anwani kwa maandishi ya nchi ile. Dereva wa teksi wa Guangzhou hatakusaidia ukimwonyesha anwani ya Kiingereza.

Miji ambayo watu wetu hufuata mzigo au matibabu

Dubai ni rahisi. Makanisa mawili yanayotafutwa zaidi, St. Mary's la Wakatoliki na Holy Trinity la Waanglikana, yako jirani eneo la Oud Metha. Waliofikia Deira wapande metro mstari wa kijani kutoka Baniyas Square au Union hadi kituo cha Oud Metha bila kubadilisha, kisha watembee au wachukue teksi fupi. Jumapili metro huanza saa 2 asubuhi, kwa hiyo kwa misa ya alfajiri ni teksi toka mwanzo. Ndani ya uwanja wa Holy Trinity husali makundi mengi ya madhehebu na mataifa tofauti, kila moja na chumba na saa yake. Ukifika na jina la uwanja tu utazunguka ngazi na korido huku ukisikia nyimbo za Kimalayalam, Kitagalogi na Kiingereza kwa wakati mmoja. Fika na jina la kundi na la ukumbi.

Doha makanisa yote yamewekwa pamoja eneo la Mesaimeer, nje kidogo ya katikati ya mji. Usitafute msalaba juu ya paa, kwa nje hauonyeshwi. Kuna ukaguzi getini, hivyo begi kubwa liache hotelini na ufike nusu saa kabla, hasa Ijumaa.

Guangzhou, kanisa kuu la Moyo Mtakatifu liko barabara ya Yide, katikati kabisa ya maduka ya jumla ya vitu vya kuchezea watoto na samaki wakavu. Mfanyabiashara wa Kariakoo huenda ameshapita mbele yake na mizigo bila kujua. Ni la mawe matupu, lilijengwa na Wafaransa kati ya 1863 na 1888, na wenyeji huliita Shishi. Kwa metro unaweza kushuka Haizhu Square. Misa ya Kiingereza huwa Jumapili alasiri, na Waafrika ni wengi. Kwa Kichina, Ukatoliki na Uprotestanti vina majina mawili tofauti kabisa: Tianzhujiao ni Wakatoliki, Jidujiao ni Waprotestanti. Ukimuuliza mtu "kanisa la Kikristo" atakupeleka kwa Waprotestanti tu. Beba pasipoti, maana baadhi ya mikusanyiko ya wageni huingiwa na wenye pasipoti ya nje pekee. Usigawe vipeperushi wala kuhubiri mtaani au hotelini: sheria ya China haimruhusu mgeni kufanya hivyo, na anayeumia zaidi ni kanisa lililokupokea.

Istanbul ina mtego wake. Neno kilise (kanisa kwa Kituruki) kwenye ramani halimaanishi kwamba kuna ibada. Aya İrini ni makumbusho na ukumbi wa muziki, na Aya Sofya ni msikiti tangu 2020. Kwa Wakatoliki jibu la haraka ni Sant'Antonio, mtaa wa İstiklal, penye misa za Kiingereza, Kiitaliano na Kituruki. Kutoka Laleli, tembea hadi kituo cha Vezneciler, panda metro ya M2, shuka Taksim au Şişhane. Mlangoni mwa makanisa mengi ya mji huo kuna mlinzi atakayefungua mkoba wako. Usijisikie vibaya.

Wanaokwenda kutibiwa Chennai wana bahati: mji una makanisa mengi na ibada za Kiingereza ziko kila upande, lakini makanisa mengi yana pia za Kitamil, lugha ya wenyeji, na mara nyingi ndizo zinazojaza ratiba. Mwanglikana atafute kanisa la CSI, yaani Kanisa la Kusini mwa India, lililozaliwa 1947 kwa muungano wa Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregesheni. Uzinduzi wake ulifanyika St. George's, barabara ya Cathedral, ambalo bado lina ibada za Kiingereza. Mkatoliki ana kanisa kuu la San Thome, mtaa wa Mylapore. Ukikuta viatu vimepangwa mlangoni, vua. Ukikuta wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, fuata. Mgonjwa asiyeweza kutoka aombe mhudumu wa kiroho kupitia wauguzi. Hospitali za misheni, kama CMC ya Vellore, zina kanisa na wachungaji ndani.

London na miji mingine ya watalii tatizo ni mlango. Westminster Abbey na St. Paul's huwatoza watalii kiingilio, lakini anayekuja ibadani halipi. Mwambie mhudumu wa mlangoni kwamba umekuja kwa ibada, utaelekezwa njia nyingine. Fika dakika ishirini mapema, na picha usipige.

Ukiwa ndani

Sadaka iandae kwa pesa ya nchi ile, noti ndogo. Maduka ya kubadilisha fedha mjini Dar hukupa noti kubwa usipoomba, na hakuna anayekurudishia chenji kwenye kapu. Uingereza makanisa mengi yana kifaa cha kugusisha kadi karibu na mlango. Lipa namba yako haitafanya kazi huko.

Kuhusu Meza ya Bwana, usifuate foleni kwa kuiga. Kwa Wakatoliki asiye Mkatoliki hapokei, ingawa sehemu nyingi anaweza kwenda mikono imekunjwa kifuani akabarikiwa. Kwa Walutheri na Waanglikana mgeni aliyebatizwa kwa kawaida hukaribishwa, ila soma kijikaratasi cha ibada kwanza. Na mtu akikufuata nje ya kanisa akikualika "mafundisho ya Biblia" kwenye fleti, huku akitaka namba ya pasipoti au mchango wa haraka, mshukuru uondoke.

Ikishindikana kabisa

Kuna wiki ambayo ibada haitapatikana. Ibada ya kwanza ya saa 1 asubuhi Dar inayorushwa mtandaoni utaiona saa 2 asubuhi Dubai, saa 3 na nusu India, saa 6 mchana Guangzhou. London ni saa 10 alfajiri wakati wa baridi na saa 11 wakati wa kiangazi, kwa hiyo afadhali usubiri ya pili. Kumbuka tu kwamba China imefungia YouTube, Facebook na WhatsApp, na Wi-Fi ya hoteli haitazifungua. Laini yako ya Tanzania ikiwa na roaming kwa kawaida hupitisha data nyumbani na kuzifungua, lakini ibada ya saa mbili kwa video itamaliza bando lote. Sikiliza kwa sauti pekee, au pakua masomo na kitabu cha nyimbo kwenye simu ukiwa bado Dar.