Jinsi ya kujua kisu cha mashine kinapata joto kiasi gani ukichonga chuma

Kisu kikiisha makali haraka watu wengi wanalaumu kisu, mi nasema angalia joto kwanza maana mara nyingi shida iko hapo. Karibu nguvu yote inayotumika kukata inageuka kuwa joto, na linatokea sehemu tatu: pale chuma kinapokatika kuwa maranda, pale maranda yanaposuguana na uso wa kisu yakiwa yanatoka, na pale ubavu wa kisu unapogusa kazi, yaani kipande cha chuma unachokichonga. Hiyo ya tatu ni ndogo kisu kikiwa kipya ila kikishakuwa butu inapanda vibaya sana.

Anza na hesabu. Chukua nguvu ya kukata kwa nyutoni, zidisha na spidi ya kukata kwa mita kwa sekunde, unapata wati. Mfano nguvu ni nyutoni 1000 na spidi ni mita 120 kwa dakika, yaani mita 2 kwa sekunde, hapo una wati 2000 kwenye eneo dogo la milimita chache tu! Bahati nzuri sehemu kubwa, mara nyingi kama 80%, inaondoka na maranda, inayobaki inagawanywa kati ya kazi na kisu. Titani ndo inasumbua kwa sababu haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto linabanana palepale kwenye ncha.

Halafu tazama rangi ya maranda, kama unachonga chuma cha kawaida bila maji. Njano hafifu ni kama nyuzi 220, bluu ni kama 300. Lakini usidanganyike, hiyo ni rangi ya randa baada ya kukutana na hewa, pale linapogusana na kisu joto ni kubwa zaidi ya hapo. Kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu) kinaanza kulainika kwenye nyuzi 600 hivi, kwa hiyo ukiona bluu nacho punguza spidi, ila kwa kabaidi, aina ngumu zaidi ya kisu inayovumilia joto kubwa, bluu ni kawaida kabisa.

Ukitaka namba yenyewe tumia kisu na kazi kama themokapo, yaani kipimajoto cha umeme. Ni metali mbili tofauti, zikigusana kwenye joto zinatoa milivolti, basi tenga kisu kisigusane kiumeme na kishikio, kazi nayo itenge isigusane kiumeme na chaki (kibanio kinachoishika na kuizungusha), vuta waya mmoja kutoka kisu na mwingine kutoka kazi kwa kupitia brashi, kipande kinachopitisha umeme huku kikisugua kazi, maana kazi inazunguka, peleka kwenye mita. Milivolti peke yake haikuambii kitu mpaka upashe metali hizohizo mbili kwenye tanuru pamoja na kipimajoto cha uhakika uandike kila milivolti ni nyuzi ngapi, na wengi wanaruka hatua hii halafu wanashangaa majibu. Ujue pia unapata wastani, sio sehemu ya moto kuliko zote, ambayo iko nyuma kidogo ya makali na ndo maana shimo linalochimbika kwenye uso wa kisu kikiliwa linaanzia pale.

Kamera ya joto ni rahisi kutumia ila chuma kinachong'aa kinaidanganya, pembeni ya kisu paka rangi nyeusi isiyong'aa inayovumilia joto, na bado haioni chini ya randa.

Unapopima badilisha kitu kimoja tu kila mara, ukianza na spidi, maana ndo inapandisha joto kuliko fidi (umbali kisu kinaosogea kila mzunguko), na kina cha mkato kinafuata mwisho kabisa. Kwa hiyo ukitaka kutoa chuma kilekile kwa joto dogo shusha spidi uongeze kina, kama mashine inahimili. Maji ya kupozea nayo yamwagike mfululizo au yasiwepo kabisa, kabaidi ikimwagiwa kwa vipindi ikiwa ya moto inapasuka nyufa.