Kumchukua punda jike mzee aliyetupwa: hatua kwa hatua, kutoka Amu

Assalam aleikum jamaa. Watu wengi wameniuliza hii habari ya kumchukua punda mzee, manake hapa Amu (Lamu) ukishuka forodhani usiku utawaona wamesimama vichwa chini, wengine wana wenyewe na alfajiri watatafutwa wakabebe mchanga, wengine hawana mtu tena. Mie niko na Nuru, punda jike wangu, mwaka wa nne sasa. Alikuwa wa kubeba mawe na mchanga, alipoanza kuanguka njiani mwenyewe akamwachia tu, akawa analala jalalani anakula makaratasi. Ntaeleza nlivofanya, na pale nlipokosea ntasema pia.

Hatua ya 1: hakikisha ni wako

Usimfunge kamba ukaenda naye hivi hivi. Punda wa Amu huzurura, kwa hiyo anayeonekana katupwa saa nyingine ana mtu mtaa mwingine, Langoni au Wiyoni, anamtafuta. Uliza mtaa mzima, ukimpata mwenyewe andikianeni karatasi mbele ya mashahidi wawili, umpige picha pande zote, ule msalaba mweusi wa mgongoni na mabegani uonekane, na makovu pia. Usione ni mambo makubwa. Biashara ya ngozi iliwamaliza punda Kenya hii, mpaka serikali ikapiga marufuku kuwachinja kibiashara mwaka 2020 (mahakama ikaja kuiondoa 2021), na Umoja wa Afrika nao ukafuata mwaka 2024, lakini wezi hawasomi sheria. Na ukimtoa bara kumvusha kutoka Mokowe, pitia kwanza ofisi ya mifugo wakupe kibali cha kumsafirisha.

Hatua ya 2: usimchukue peke yake

Hapa ndo watu hawanielewi. Punda ana mwenziwe, na huyo mwenziwe si punda yeyote tu, ni yule anayesimama naye shingo kwa shingo wakikunana. Kaa umwangalie siku mbili tatu. Kama ana rafiki, chukua wawili, au basi ukubali huyo rafiki awe anakuja kwako kula. Ukiwatenganisha anaweza kugoma kula kwa huzuni, na punda akigoma kula ni hatari, ntakuja hapo chini. Nuru alikuja na dume moja lililohasiwa, zee vile vile, nami sikuwa nimelipangia, lakini kila nkilifukuza lilikuwa linarudi kusimama nje ya mlango wa ua. Basi nkalifungulia.

Hatua ya 3: daktari kabla ya nyumbani

Sisi Amu tuna bahati, The Donkey Sanctuary wako hapa tangu 1987, kila mtu aijua hospitali ya punda. Mpeleke akaangaliwe macho, mdomo, kwato, vidonda, apewe dawa ya minyoo kwa uzito wake, na chanjo ya pepopunda (jina lenyewe lakwambia). Usinunue dawa ya ng'ombe dukani ukamkadiria kwa macho. Na muulize daktari kama ana mimba! Punda jike hubeba kama miezi 12, ukimkuta mkonde hutajua.

Umri utaambiwa kwa meno. Punda akifika miaka 5 hivi meno yote ya utotoni yashang'oka, halafu kadiri anavyozeeka yale ya mbele yanazidi kulala kuja mbele badala ya kusimama wima. Akitunzwa punda hupita miaka 30, kwa hiyo usichukue ukidhani ni kazi ya mwaka mmoja.

Hatua ya 4: mdomo na chakula

Hii ndo kazi yenyewe, mengine yote ni madogo.

Nuru alipofika nlimwekea majani mazuri mabichi, akala, nkafurahi. Asubuhi nikakuta pembeni ya banda vitu kama vidonge, majani yameviringishwa yamelowa mate, ukubwa wa kidole gumba, kama 20 hivi. Nkadhani ni mavi, nikaokota kimoja nikakifungua, majani mazima kabisa hayajasagika. Kumbe alikuwa anatafuna mpaka anachoka halafu anatema. Daktari akafungua mdomo kwa chuma chake, akanimulikia tochi, magego yamefanya ncha kali kama msumeno na shavu kwa ndani limechanika, na moja limeng'oka na lile la juu yake limerefuka likaingia kwenye lile pengo. Miaka yote hiyo alikuwa anabeba mawe na mdomo uko vile, na hakuna aliyemfungua mdomo akamtazama.

Akampiga tupa meno, na sasa tunaangalia kila miezi 6. Kwa hiyo wewe ukiona vidonge hivyo, au mate yananing'inia, au anakula kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, ni meno hayo, usimwongezee chakula ukadhani ana njaa tu.

Sasa chakula cha punda asiye na meno. Nakata majani makavu kwa panga mafupi mafupi, urefu wa fundo la kidole, nachanganya na pumba kidogo sana, kopo moja tu, naloweka kwa maji mpaka inakuwa laini kama uji mzito. Nampa mara nne kwa siku kidogo kidogo. Kwa hesabu, punda hula chakula kikavu kama kilo 1.5 kwa kila kilo 100 za uzito wake, kwa hiyo wa kilo 130 ni kama kilo 2 kwa siku, nyingi yake iwe majani na mabua. Punda si farasi mdogo, tumbo lake limezoea vitu vikavu vya jangwani, ukimjaza mahindi na mkate na sima iliyobaki kwato zitamuuma mpaka ashindwe kusimama. Maembe ya msimu mawili matatu haina neno.

Usimwekee chakula chini kwenye mchanga. Hapa kwetu kila mahali ni mchanga, anameza, unakaa tumboni, halafu siku moja anajilaza na kujiviringisha kwa maumivu na punda hawezi kutapika. Mie nimepasua dumu la mafuta nikalifanya hori. Ukitaka kujua kama ameshameza, chukua vidonge vitano sita vya mavi yake yaliyo safi, vitie kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, tikisa uache, mchanga utashuka chini uuone kwa macho yako. Na mifuko ya plastiki vile vile, hata baada ya marufuku ya 2017 bado iko majalalani, kwa hiyo asizurure tena.

Maji yawe matamu. Visima vingi vya mjini vina chumvi, mie nachota kwa anayeletewa ya Shela, na nasafisha ndoo kila siku kwa sababu punda akiona maji machafu anaona bora akae na kiu.

Kila Ijumaa nampima kifua kwa tepu ya fundi cherehani, inazunguka nyuma ya miguu ya mbele, naandika kwenye daftari. Jicho linadanganya, tepu haidanganyi.

Hatua ya 5: vidonda vya shogi (kapu la mizigo la mgongoni)

Chemsha maji lita 1, tia vijiko viwili vidogo vya chumvi visivyojaa, acha yapoe, osha mara mbili kwa siku. Basi. Oili chafu ya injini usitie, maji ya betri usitie, haya watu bado wanafanya na ngozi inaungua zaidi. Kidonda chenye funza au kinachonuka ni cha daktari. Na mgongo huo usibebeshwe kitu tena, hata mtoto.

Hatua ya 6: kwato

Akiwa kazini mawe ya vichochoro yalikuwa yanamsugua, akistaafu kwato zinakua zinapinda. Kila wiki 6 mpaka 10 zichongwe na anayejua. Kila siku mwinue mguu utoe mawe na uchafu, ukiongea naye taratibu.

Hatua ya 7: siku akikataa kula

Usingoje kesho. Punda asipokula, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu yanaziba ini na figo, na majike wazee ndo wanaopatwa zaidi. Na punda halalamiki, anasimama tu masikio yameanguka kidogo. Kipimo cha joto kiwe nyumbani, kawaida ni 36.5 mpaka 37.8. Mwite daktari, na huku ukimsubiri mjaribishe karoti iliyokunwa au ndizi kwa mkono.

Hatua ya 8: mwisho wake

Kuna siku hatainuka, na dawa haitasaidia. Nshaongea na daktari mapema, atamchoma sindano, sitamwacha aburutwe ufukweni. Na lile dume litaachwa limkaribie, limnuse mpaka lenyewe liondoke, kwa sababu punda asiyeuona mwili wa mwenziwe atazunguka siku nyingi analia akimtafuta.