Kuingia kwenye roki huru ya Skandinavia: anza na lebo, kisha jifunze kuandika ø

Mpwa wangu alinitumia wimbo mmoja wa The Hives, bendi ya roki ya Uswidi, saa tano usiku, na chini yake ujumbe: "Mjomba, wengine wa namna hii wako wapi?" Jumamosi akaja nyumbani na simu yake na bando la wiki, tukakaa mpaka majogoo. Haya ndiyo niliyomwonyesha, kwa mpangilio ule ule. Ndani yake kuna jambo moja ambalo mimi lilinila usiku mzima miaka ya nyuma, na hilo nitalieleza kwa urefu.

Roki huru ni ile inayotolewa na lebo ndogo, yaani kampuni ndogo za kutoa muziki. Ninaposema Skandinavia nina maana ya Uswidi, Norwe na Denmaki. Finland na Iceland zina bendi nzuri sana, ila zina milango yake. Ukizichanganya na hizi tangu mwanzo utachoka kabla hujashika chochote.

Hatua ya 1: Programu ya kusikilizia

Tumia yoyote uliyoizoea. Fungua pia Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wao, na Discogs, orodha kubwa ya rekodi, kwenye kivinjari. Tafuta hedifoni, maana spika ya simu inaua besi, na muziki huu umejengwa juu ya besi na mwangwi.

Hatua ya 2: Chagua lebo, usichague nchi

Wengi huandika "roki ya Uswidi" kwa Kiingereza, wanabonyeza orodha ya kwanza, wanapewa nyimbo arobaini za bendi arobaini. Hapo unaonja tu, hushibi. Wiki ikipita hukumbuki hata jina moja.

Lebo ndogo ni kitu kingine. Nyuma yake kuna watu wawili au watatu wenye sikio lao, wanaosaini wanachokipenda. Ukipenda bendi mbili za lebo moja, ya tatu hutaitafuta sana. Fungua ukurasa wa lebo kwenye Discogs, panga kwa mwaka, kisha sikiliza ukishuka.

Kwa Uswidi mimi humwanzisha mtu na Labrador. Humo wamo The Radio Dept. kutoka Lund, Acid House Kings, Club 8, Sambassadeur, na The Mary Onettes wa Jönköping. Anza na Lesser Matters ya The Radio Dept., ya mwaka 2003. Magitaa yamefunikwa na uvumi kama wa kanda ya kaseti, na mwimbaji yuko nyuma kabisa, kama mtu anayejiimbia chumba cha pili mlango ukiwa wazi nusu. Ukisikia mara ya kwanza utadhani imerekodiwa vibaya. Rudia usiku, sauti ikiwa ya wastani, ndipo utakapoona kila kitu kimewekwa mahali pake kwa makusudi. Nyimbo zao tatu ziliingia kwenye filamu ya Sofia Coppola kuhusu Marie Antoinette mwaka 2006, na wasikilizaji wengi wa nje waliwajulia hapo. Baada ya hiyo nenda Clinging to a Scheme ya 2010, ambayo ni safi zaidi na ina mdundo zaidi.

Ukitaka kelele, kamata Burning Heart, lebo iliyoanzishwa mwaka 1993 katika mji wa Örebro. Millencolin ni wa mji huo huo. The Hives wanatoka Fagersta, mji mdogo wa viwanda vya chuma, na albamu ya kuanza nayo ni Veni Vidi Vicious ya 2000. Refused wanatoka Umeå, kaskazini. Albamu yao The Shape of Punk to Come ilitoka 1998, na bendi ikavunjika mwaka huo huo. Isikilize nzima, kwa mpangilio wake. Kuna vipande vya jazi, kuna mashine za elektroniki, kuna ukimya, halafu panki inakurudia usoni. Ukiukata wimbo mmoja ukauweka kwenye orodha yako umeupokonya nusu ya nguvu.

Mpwa wangu aliniuliza inakuwaje miji midogo hivyo itoe bendi nyingi hivyo. Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba Uswidi ina shule za muziki za manispaa ambako watoto hujifunza ala, na ina vyama vya elimu ya watu wazima vinavyopata ruzuku ya umma. Vijana wanne wenye magitaa wanaweza kujiandikisha kama kikundi cha kujisomea, wakapata chumba cha mazoezi na vyombo. Mtu aliyewahi kulipia studio kwa saa ataelewa mara moja hilo lina uzito gani.

Kwa Denmaki shika Crunchy Frog na Escho, zote za Copenhagen. Kutoka Crunchy Frog, Whip It On ya The Raveonettes ya mwaka 2002 imepigwa yote katika ufunguo mmoja, B bapa maina, na iliyofuata, Chain Gang of Love, ikapigwa katika B bapa meja. Kama unapiga gitaa, kaa nalo mkononi usikilize zote mbili mfululizo. Utaona jinsi kujibana kunavyozaa mambo. Escho ndiyo iliyotoa New Brigade ya Iceage mwaka 2011. Haifiki hata nusu saa, na wenyewe walikuwa vijana wadogo kabisa.

Kwa Norwe naingia kwa miji badala ya lebo: Bergen kwa muziki wa utulivu, Trondheim kwa muziki mzito.

Hatua ya 3: Andika majina kwa herufi zake

Hapa ndipo nilipopoteza usiku.

Jamaa alininakilia muziki wa Norwe kwenye kadi ya kumbukumbu, zaidi ya albamu mia. Nikataka kumsikiliza Erlend Øye, yule wa Kings of Convenience wa Bergen. Nikaandika "Oye". Hakuna. Nikaandika "Erlend". Hakuna. Nikaamini hakuwekwa, nikaanza kupakua upya kwa bando langu, na bando likaisha njiani. Kumbe alikuwemo muda wote. Makosa yalikuwa mawili, tena yamepandana, na usipoyatenganisha hutayatatua.

Kosa la kwanza ni la herufi yenyewe. Kiswidi kina å, ä na ö. Kidenmaki na Kinorwe vina æ, ø na å. Hizi si o na a zilizopambwa. Ni herufi kamili zenye sauti zake, na kwenye alfabeti zao zinakaa mwisho, baada ya z. Sisi tunalijua jambo hili kwa ng' yetu: ukiondoa kile kikato, "ng'oa" inakuwa "ngoa", na anayelia ngoa hang'oi kitu. Kwa Kiswidi "här" ni hapa, "har" ni kuwa na kitu.

Sasa sikiliza kwa makini, maana tofauti hii ndiyo iliyonichanganya. Ndani ya kompyuta, ö inaweza kuvunjwa ikawa o na nukta mbili, na å ikawa a na kiduara. Kwa hiyo programu nyingi za kutafuta huondoa pambo, zikabaki na o au a, na ukiandika "Orebro" unaipata Örebro. Lakini ø na æ hazivunjiki. Kompyuta haioni o ndani ya ø. Huduma kubwa za muziki zimejiwekea kanuni ya ziada, ndiyo maana huko unaweza kufanikiwa. Programu ndogo za kucheza mafaili na tovuti ndogo za maduka mara nyingi hazina kanuni hiyo. Matokeo yake Waswidi unawapata kirahisi, Wanorwe na Wadenmaki wanakuponyoka, nawe unadhani nchi hizo hazina bendi.

Dawa yake: bonyeza herufi o kwenye simu bila kuachia, zitatokea ö na ø. Bonyeza a, zitatokea å, ä na æ. Ukishindwa, nakili jina kutoka Discogs ulibandike. Usiandike o kavu ukatumaini.

Jaribu pia tahajia ya zamani. Wanorwe walianza kutumia å rasmi mwaka 1917 na Wadenmaki mwaka 1948. Kabla ya hapo waliandika aa, na majina ya watu na miji mengi bado yana aa. Mji wa Århus ulirudi rasmi kuwa Aarhus mwaka 2011, kwa hiyo rekodi zimesambaa chini ya majina yote mawili. Vivyo hivyo ø huandikwa oe, na æ huandikwa ae, hasa kwenye anwani za tovuti.

Kosa la pili ni la mafaili. Jina likihifadhiwa kwa mfumo mmoja wa herufi likasomwa na programu inayotumia mfumo mwingine, linachafuka. Ukiona Ã¸, hiyo ilikuwa ø. Ã¥ ilikuwa å, Ã¶ ilikuwa ö, Ã¤ ilikuwa ä, na Ã¦ ilikuwa æ. Kwenye kadi yangu folda ilikuwa imeandikwa "Ã˜ye, Erlend" kwa nje, na mahali pa jina la msanii ndani ya faili palikuwa patupu. Ndiyo maana hata "Erlend" haikuleta kitu: programu ilikuwa inasoma ndani ya faili, haiangalii jina la folda.

Kusafisha, mimi natumia Mp3tag, programu ya kusahihisha majina yaliyo ndani ya mafaili ya muziki, kwenye kompyuta na sijaona sababu ya kuhama. Fungua folda nzima, panga kwa msanii ili walio watupu waje juu, sahihisha jina mara moja kwa albamu yote, hifadhi. Fanya kabla ya kuhamishia kwenye simu. Ukisahihisha kwenye simu, faili moja moja, utaacha katikati.

Mambo mawili madogo yanaingia hapa pia. Majina ya miji kwenye Bandcamp yapo kwa Kiingereza na kwa lugha ya wenyewe, kwa hiyo tafuta Gothenburg na Göteborg, Copenhagen na København. Na bendi nyingine zina majina ya kawaida mno. Kent ni bendi ya Eskilstuna, lakini pia ni jimbo la Uingereza na jina la wanaume kibao. Mew ni bendi ya Denmaki, lakini ni kiumbe wa Pokémon pia. Kuongeza jina la nchi hakusaidii sana. Ongeza jina la albamu: "Kent Isola", "Mew Frengers". Discogs yenyewe huweka namba kwenye mabano baada ya majina yanayofanana, basi hakikisha umefungua namba sahihi.

Hatua ya 4: Usiwakimbie wanaoimba kwa lugha yao

Mpwa wangu alitaka za Kiingereza tu. Nikamkumbusha kwamba bibi yake amecheza Franco na TPOK Jazz maisha yake yote, na Kilingala hajui. Akanyamaza, akavaa hedifoni.

Anza na Isola ya Kent, 1997, kwa sababu ina faida ya pekee: mwaka uliofuata waliitoa tena kwa Kiingereza. Sikiliza ya Kiingereza mara moja ujue habari yenyewe, kisha hamia ya Kiswidi na ubaki huko. Sauti ya Joakim Berg kwa Kiswidi ina uchungu ambao kwa Kiingereza unapungua. Halafu nenda Ta det lugnt ya Dungen, ya 2004. Jina lake maana yake ni tulia, na gitaa na filimbi zinakwenda zitakavyo. Kwa Norwe chukua Ompa til du dør ya Kaizers Orchestra, 2001, wanaoimba kwa lahaja ya kusini-magharibi na kupiga mapipa ya mafuta kwa vyuma. Andika hiyo ø.

Hatua ya 5: Fuata watu

Soma majina kwenye jalada. Dennis Lyxzén wa Refused alikwenda kuunda The (International) Noise Conspiracy. Ebbot Lundberg alitoka Union Carbide Productions akaunda The Soundtrack of Our Lives, huko huko Göteborg. Håkan Hellström alikuwa Broder Daniel kabla ya kuimba peke yake. Erlend Øye alipiga pia na The Whitest Boy Alive. Pelle Gunnerfeldt, mpiga gitaa wa Fireside, ndiye prodyuza wa Veni Vidi Vicious. Kila jina ni mlango.

Hatua ya 6: Bendi mpya

Angalia mabango ya matamasha, lakini anza kusoma kutoka chini, kwenye maandishi madogo. Roskilde ya Denmaki ipo tangu 1971, Øya ya Oslo tangu 1999, Way Out West ya Göteborg tangu 2007. Majina makubwa ya juu huwa ya wageni wa nje. Wenyeji wanaochipukia wako chini. Redio ya taifa ya Denmaki ina P6 Beat kwa muziki mbadala, na ya Norwe ina Urørt kwa bendi ambazo bado hazijasainiwa.

Motorpsycho wa Trondheim nimewaacha mwisho makusudi. Wapo tangu 1989 na albamu zao ni nyingi kiasi cha kumtisha mgeni. Usianze na za karibuni. Anza na Timothy's Monster ya 1994, ambayo ni ndefu, kwa hiyo itengee Jumapili nzima, kisha rudi nyuma kwenye Demon Box ya 1993, kisha ruka hadi Trust Us ya 1998. Mpwa wangu yuko kwenye Timothy's Monster kwa wiki ya pili sasa. Jana amenipigia kuuliza kama nina waya wa kuunganisha simu na redio ya gari la baba yake.