Fidla mbili na selo: kutengeneza muziki wa mahaba wa filamu, Bagamoyo

Muziki wa okestra unaowasindikiza wapendanao kwenye filamu hauteki moyo kwa wingi wa ala. Unateka kwa kumngojesha msikilizaji. Watunzi Max Steiner na Erich Wolfgang Korngold, waliolelewa kimuziki Vienna, waliipeleka Hollywood mbinu hiyo ya opera, na haidai wapigaji 60. Fidla mbili, selo moja (ndugu mkubwa wa fidla, mwenye sauti nene) na chumba kimya vinatosha.

Anza na saa, noti baadaye. Tuseme tukio lina sekunde 64, na wawili wanashikana mikono ufukweni sekunde ya 44. Weka mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, manne kwa kila kipimo. Kipimo kimoja ni sekunde 4, tukio zima vipimo 16, na mikono inashikana mwanzoni kabisa mwa kipimo cha 12. Kabla ya hapo fidla ya kwanza ibaki kwenye nyuzi nene, chini ya maneno ya waigizaji. Ukiipandisha mapema, utamu umekwisha kabla mgeni hajanawa.

Kipimo cha 12 kikifika, fidla ya kwanza iruke kutoka sol hadi fa ya juu, ikae hapo mapigo mawili, ndipo iteremke mi. Selo ishike do, fidla ya pili sol. Hiyo fa ni mgeni kwenye kordi ya do (noti do, mi na sol zikipigwa pamoja), na sikio linasubiri aondoke. Kosa la kila siku ni mpiga kinanda kujaza kordi kamili, mi ikiwemo. Mi na fa zikigongana, mahaba yanageuka ugomvi. Mi asiiguse mtu mpaka fidla iifikie.

Ukimpata mpiga fidla wa taarabu, tuseme kutoka Unguja, umepata hazina: ule utelezi wake kutoka noti hadi noti ndio okestra za zamani za Ulaya zilivyopiga. Muulize kwanza fidla yake imefungwa vipi. Kiarabu ni sol-re-sol-re, Kizungu sol-re-la-mi, na vidole vinabadilika. Manjonjo yake yaruhusu kwenye tabaka la kwanza tu, yaani rekodi ya kwanza kati ya zile zitakazopangwa juu ya nyingine.

Matabaka ndiyo yanayozaa okestra. Rekodi fidla ya kwanza mara 4, ya pili mara 3, selo mara 2, kila mara ukisogeza kiti hatua moja. Maikrofoni ikae mita 1.5 hadi 2. Karibu zaidi utarekodi mkwaruzo wa upinde. Usinakili rekodi moja mara nne: sauti itapanda tu, na ukiichelewesha kidogo italia kama bati.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina kuta tupu zinazovuma. Khanga ukutani hazisaidii kitu. Simamisha magodoro mawili nyuma ya mpigaji. Rekodi baada ya isha, feni imezimwa. Unyevu wa pwani hurefusha singa za upinde, kwa hiyo kaza upinde na utyuni ala upya kila tabaka, vinginevyo la nne halitalingana na la kwanza.

Mwisho, mpelekee mhariri mafaili mawili ya kilohezi 48 (kiwango cha kawaida cha sauti ya filamu): fidla ya kwanza peke yake, na ala zilizobaki, ili aishushe fidla pale mwigizaji anapofungua mdomo bila kuua selo.