Jinsi ya kuomba kuuona mswada wa Fouquet mjini Paris

Wengi wanaonyimwa ruhusa ya kuushika mswada wa kale, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, hukwama kwenye sababu waliyoiandika, hata kama vyeti vyao vimetimia. "Nataka kuuona kwa macho yangu" si sababu. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye barua, na mengine nitayapitia haraka.

Mfano wangu ni mswada uliohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa (BnF) kwa nambari Français 19819. Tarehe 1 Agosti 1469, huko Amboise, Mfalme Louis XI aliunda Jumuiya ya Mtakatifu Mikaeli, yenye mashujaa wapanda farasi wasiozidi 36. Kanuni zao ziliandikwa kitabuni, na mchoro wa mwanzo ukachorwa na Jean Fouquet, mchoraji wa mji wa Tours. Mfalme yupo katikati, mashujaa wamemzunguka, na ukutani nyuma yao Malaika Mkuu Mikaeli anapigana na shetani. Ni kitabu cha sheria, lakini ibada imo ndani yake. Shujaa alitakiwa kuvaa mkufu wa jumuiya kila siku, na asiyeuvaa aligharamia misa na kutoa sadaka.

Anza na Gallica, hazina ya kidijitali ya maktaba hiyo. Haina malipo wala haihitaji kujisajili. Tafuta nambari ya mswada, fungua picha, uzikuze mpaka uone nyufa za rangi. Kisha nenda kwenye katalogi ya Archives et manuscrits usome maelezo yote ya mswada wenyewe. Nambari iandike kama ilivyo, "Français 19819". Ukiandika "mswada wa Louis XI" tu, utamlazimisha mkutubi kukisia, maana vitabu vya mfalme huyo ni vingi.

Wengi hugundua hapo kwamba safari haihitajiki. Ukitaka kujua malaika ameshika nini au herufi ya kwanza imepambwaje, picha inatosha. Kwa matumizi yasiyo ya biashara unaweza hata kuitumia, mradi uandike chanzo chake: Source gallica.bnf.fr / Bibliothèque nationale de France.

Basi nani anahitaji kitabu chenyewe? Ni yule mwenye swali ambalo jibu lake limo kwenye ngozi. Kitabu cha namna hii kimeandikwa juu ya ngozi ya mnyama, si karatasi. Ngozi hukunjwa, hupangwa vitita, kisha hushonwa. Picha haikuonyeshi vizuri kitita kinaanzia wapi, wala kama ukurasa wenye mchoro ulichorwa peke yake ukapachikwa baadaye. Mistari ya kuongozea mwandiko nayo mara nyingi huonekana tu mwanga ukipita kwa ubavu. Dhahabu pia: iliyopakwa kwa brashi na iliyobandikwa kama utando hung'aa tofauti unapoinamisha ukurasa, na picha haiinamishiki.

Swali likishapatikana, andika barua kwa Idara ya Miswada. Miswada ya thamani ya juu haitolewi hivi hivi; huombewa ruhusa kwa maandishi, na idara inaweza kukataa kwa kuwa nakala ya kidijitali ipo. Ijibu hoja hiyo kabla hawajaitoa. Sentensi moja ya Kifaransa inatosha kubeba uzito wote:

"Je souhaite consulter l'original du manuscrit Français 19819 afin d'examiner la composition des cahiers et la réglure, que la numérisation ne permet pas d'observer."

Yaani unataka kuchunguza mpangilio wa vitita na mistari ya kuongozea, mambo ambayo picha haiyaonyeshi. Taja pia wewe ni nani, utafiti wako ni wa chuo gani, kurasa zipi hasa unazitaka, na siku utakazokuwa Paris. Ambatanisha barua ya msimamizi wako. Sifa za kitabu ziache, wanazijua kuliko sisi. Ukurasa mmoja unatosha.

Usikate tiketi kabla ya jibu. Nalisisitiza hili kwa sababu ndugu zetu wa Lubumbashi, Nairobi au Dar es Salaam wana mlima mwingine, viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Jibu la maktaba litie kwenye faili la viza. Linaeleza kusudi la safari vizuri kuliko maneno yako mwenyewe.

Ukifika Paris, kwanza upate kadi ya msomaji mtafiti. Nenda na pasipoti na uthibitisho wa utafiti. Mkutubi atazungumza nawe kidogo kuhusu unachokitafuta. Usiogope, si mtihani, ila uweze kueleza mada yako kwa dakika mbili. Ada na saa za kufungua hubadilika, zitazame kwenye tovuti yao wiki ya safari. Idara ya Miswada iko Richelieu, jengo la zamani la maktaba lililofunguliwa tena lote mwaka 2022 baada ya ukarabati mrefu. Ukienda kwenye minara ya François-Mitterrand, jengo jingine la maktaba hiyo hiyo, umepotea njia.

Ndani ya chumba cha kusomea, begi na kalamu ya wino hubaki nje. Unaingia na penseli, karatasi na kompyuta. Kitabu hulazwa juu ya mito ya sponji, na kurasa hushikiliwa na vizito vyembamba vinavyojikunja kama nyoka. Nawa mikono uikaushe; kwa ngozi, mikono safi ndiyo desturi, glavu hupunguza hisia za vidole na ukurasa unaweza kuchanika. Rangi usiiguse kabisa. Ukitaka kupiga picha uliza mezani kwanza, na mwako wa kamera uzime.

Anza na vitita, kwa sababu ndivyo ulivyoviombea. Mchoro wa Fouquet utazame mwisho, muda ukibaki.