Kuingiza jeni kwenye jani la tumbaku kwa Agrobakteria, ukiwa na joto la Dar

Nimeandika baada ya kukaa na mwanafunzi mmoja wa Mikocheni: bakteria wake walistawi vizuri, ila jeni hazikuingia. Nachukulia kazi ya usafi wa maabara unaijua.

1. Otesha Agrobacterium tumefaciens (bakteria wa udongo anayeingiza kipande cha DNA yake kwenye mimea) usiku kucha kwenye nyuzi 28. Kwa tumbaku, mimi sibanduki kwenye LBA4404, aina mojawapo ya bakteria huyo.

2. Kata majani kwa wembe mpya, vipande vya nusu sentimita hivi. Wembe butu unaponda. Jeraha hutoa fenoli (kemikali za mmea) zinazoamsha jeni za vir, yaani zile za bakteria zinazoendesha kazi ya kusafirisha DNA. Ongezea asetosiringoni, fenoli ya aina hiyo, mikromola 100, kwenye kimiminika chenye bakteria, pH ikiwa 5.5 hivi.

3. Loweka vipande kwenye kimiminika hicho dakika 10, kausha kwa karatasi safi.

4. Acha vipande na bakteria pamoja kwenye sahani ya maabara, gizani siku mbili au tatu, nyuzi 22. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Protini ya VirD2 hukata T-DNA (kipande chenye jeni unayoingiza) kwenye plasmidi, duara dogo la DNA la bakteria, hukishikilia ncha, kisha vyote hupitishwa kwenye njia iliyojengwa na protini za VirB hadi ndani ya seli ya mmea. Joto likikaribia 29, bakteria anaendelea kuzaliana kama kawaida lakini kusafirisha kunakwama. Ukitazama sahani huoni kasoro yoyote! Na chumba cha Dar mwezi wa Februari, kiyoyozi kikizimwa usiku, kinafika huko bila hodi.

Kipimajoto kikae kando ya sahani, si ukutani. Inkubeta ya kupasha tu haina msaada: chumba kikiwa na nyuzi 30, haiwezi kushuka chini ya hapo. Tafuta yenye kupoza. Umeme ukikatika, hamishia sahani kwenye deli lenye chupa za maji ya friji. Barafu hapana, vifuniko vitatoa jasho, matone yataangukia majani, na bakteria watafurika.

5. Hamishia vipande kwenye chakula cha kuoteshea chenye sefotaksimu (inaua bakteria) na kanamaisini miligramu 100 kwa lita (inachuja seli zisizopokea jeni).

6. Chipukizi likiwa kijani, usishangilie bado. Lioteshe mizizi kwenye kanamaisini, ndipo upime kwa PCR (kipimo kinachonakili DNA ili kuonyesha kama jeni imo). Pima na jeni mojawapo ya vir pia: ikionekana, bado kuna bakteria ndani ya jani, na jibu lako la kwanza halina maana.